Ubao Usionukia

Mama alishazika baraza tatu.
Ya kwanza ya mikaratusi, baba alipokuwa hai.
Ya pili ya misonobari kutoka Walungu.
Ya tatu sijui ya mti gani: ililiwa na mvua
kabla hatujamaliza kuilipia.
Hapa Nguba, juu ya mteremko, mvua haipigi hodi.
Inapanda kutoka ziwani na ufunguo wake mkononi.

Mwaka jana mguu wa jirani, Mwalimu Bisimwa,
ulipenya ubao hadi gotini,
kikombe cha chai mkononi, hakikumwagika hata tone.
Tulicheka.
Kisha hatukucheka.

Nikapanda Kadutu kwa Cirhuza,
yule anayesaga chupa za plastiki na unga wa randa,
akavipika pamoja, akavisukuma kwenye tundu la chuma,
vikatoka mbao ndefu, nzito, zisizo na fundo.
"Rangi?" Akanitandazia tatu.
Ya kahawa nzito: saa saba mchana ilinichoma kiganja.
Ya majivu: nzuri, lakini tope letu ni jekundu,
lingeandika juu yake jina la kila aliyepita.
Ya tatu ilikuwa kama ganda la muhogo.
Sikumwamini bado. Niliomba vipande,
nikavidondoshea mawese, nikavikuna kwa ufunguo,
nikavilaza siku tatu chini ya mfereji wa paa.
Cirhuza alisema hakuna mteja
aliyewahi kuwatesa watoto wake hivyo.

Fundi Ntakwinja hakuanza na mbao.
Alianza chini, kwenye mihimili ya zamani,
akiichoma kwa bisibisi, akisikiliza.
"Hizi za juu zitaishi kuliko mimi," alisema,
"lakini zikilala juu ya mti uliooza
ni shati jipya juu ya mgonjwa."
Akabadilisha minne. Akaacha njia ya upepo.
Kati ya ubao na ubao aliweka msumari wa inchi nne,
akautoa, akasogea, akauweka tena.
"Jua likiwaka zinanenepa.
Ukizibana, zitagombana."
Mama, mlangoni, alinitazama mimi.
Nilikuwa na miezi minne tangu nirudi kuishi kwake.

Kazi ilipokwisha alipiga magoti,
mkono mmoja kwenye nguzo, pua sakafuni.
"Hainukii. Ubao usionukia ni uongo."
Nikamweleza: haupakwi vanishi,
hauna kibanzi cha kuingia mguuni,
mchwa watalala njaa.
"Umetokana na nini?"
Na chupa, mama. Zile zinazojazana kule Ruzizi
mbele ya bwawa, mpaka umeme unatukimbia.
Alinyamaza muda mrefu.
"Basi tumekalia kiu za watu," alisema,
akaenda kuzima maharage.

Jumamosi sasa ni zangu:
ndoo, sabuni ya kufulia, brashi laini.
Si waya wa chuma, si msasa.
Upande wa mparachichi, kivuli hakihami,
ukungu wa kijani unarudi kama mdai;
naupangusa, tunaagana, tunajua tutaonana.
Majani yaliyozama kwenye nyufa
nayachokoa kwa kijiti, moja moja,
ili maji yasikose pa kushukia.
Miezi ya kwanza rangi ilipauka kidogo. Niliogopa.
Cirhuza alicheka kwenye simu: "Inanawa uso tu. Itatulia."
Ikatulia.

Mbabula imekatazwa kuvuka kizingiti
tangu Pasaka, cheche moja ilipoacha alama,
duara jeusi, ukubwa wa ukucha wa gumba.
Nilisugua. Nilisugua tena.
Cirhuza alikuwa ameniwekea ubao mmoja wa akiba,
Ntakwinja akaja na bisibisi yake,
mama akamrudisha getini.

Kila jioni anaburuta kiti chake pale,
mguu mmoja wa kiti juu ya lile kovu,
anatazama taa za wavuvi zikiwashwa ziwani.
Nikimwambia atazikwaruza mbao hanijibu.
Jana tu alipiga sakafu kwa kisigino:
"Hapa," alisema. "Hapa ndipo pananukia."